Siku Bwana Mdogo Alipokula Papai la Kiapo

Aliyenieleza kwanza ukweli wa habari hii ni shangazi yangu Mbeyu, dada mdogo wa baba, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wiki ile niliyoleta nyumbani matokeo yangu ya kidato cha nne. Alikuwa akichambua mchicha. Alisema, bila kuinua uso, kwamba kwa kuwa sasa nimesoma nafaa kuambiwa: vyuma vya mpaka katika shamba la Bwana Mdogo viling'olewa na mama yao yeye na baba, yaani nyanya yangu, wala si na Mzee Karisa. Kisha akaendelea na mchicha wake.

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa niliyaona mambo hayo kwa macho yangu, na kwa miaka yote iliyofuata nilidhani nayajua. Hapa nitajitahidi kuyatenga niliyoyaona na yale niliyoambiwa baadaye. Katika ukoo wetu watu huyachanganya, na anayeumia kwa mchanganyiko huo amekuwa mtu mmoja tu siku zote.

Tulikaa upande wa Kisauni, ndani huko, mbele ya Utange, katika shamba la mzungu. Babu yake alipewa shamba hilo na serikali ya wakoloni, na karatasi zilisema kwamba wakati huo halikuwa na watu. Babu yangu mimi alizaliwa humo. Tuliruhusiwa kulima mahindi na muhogo, lakini si kupanda mnazi, mwembe wala mkorosho, maana mti unaoishi miaka mingi humpa aliyeupanda neno la kusema. Nyumba za udongo na makuti, sawa. Jiwe moja la ukuta, hapana. Tuliitwa maskwota, na hadi nilipofika darasa la tano nilidhani hilo ni jina jingine la kabila letu.

Mwenye shamba alikuwa amepita miaka arobaini, lakini aliitwa Bwana Mdogo kwa sababu Bwana Mkubwa alikuwa baba yake, na ingawa alikuwa amekufa, hakuna aliyethubutu kumpa mtu mwingine jina hilo. Alizaliwa hapo hapo na Kigiriama alikizungumza vizuri kuliko sisi watoto. Aliyemlea ni nyanya yangu, ambaye sisi tulimwita Hawe, kama wajukuu wa Kigiriama wanavyoita. Alikuwa yaya wake. Baba yangu alizaliwa mwaka mmoja na mtoto huyo wa kizungu, na alishinda kwenye mkeka akinyweshwa uji na dada zake huku mama yake akimbeba mwenzake mgongoni. Hawe hakulalamikia jambo hilo hata siku moja. Baba naye hakulisema ila akilewa.

Mwaka ule Bwana Mdogo alitaka kulikata shamba viwanja auze. Akaja savea na vijana wake, wakapima, wakapigilia vyuma ardhini na kuvimiminia saruji. Chuma kimoja walikitia hatua tatu kutoka nyumba yetu, pale lilipokuwa koma la babu. Koma ni kigingi cha mti kinachosimamishwa kwa ajili ya marehemu, hufungwa kitambaa, na penye shida au ndoto mbaya watu huenda kumwagia tembo na kusema naye. Vijana wa savea walilisukuma pembeni koma lile kwa teke, kwa kuwa lilisimama kwenye mstari wao. Hilo niliona. Niliona pia Hawe akilisimamisha tena, akalifuta mchanga kwa leso yake.

Yanayofuata ni ya shangazi. Alfajiri moja Hawe alichukua jembe akaking'oa chuma kile. Kisha akafikiri kwamba kikikosekana hicho kimoja tu, kila mtu atajua ni nani. Basi kwa alfajiri nne akaving'oa na vingine, sita jumla, akiviweka katika mzigo wa kuni.

Bwana Mdogo alipogundua, alituita wote kwenye banda la kukaushia nazi. Sisi watoto tulisimama nyuma. Hakukasirika. Alikaa juu ya gunia akazungumza kwa Kigiriama, polepole, kama mtu wa nyumbani.

"Siiti polisi," alisema. "Polisi ni watu wa bara, watawapiga wote na mwenye kosa hatajulikana. Tutafanya kwa dawa yenu. Nitamleta mtu wa papai. Atakayeshikwa atahama na nyumba yake yote. Wengine mtakaa kama mlivyokaa."

Kila mtu mzima pale alijua maana yake. Kiapo cha papai, ambacho kwetu huitwa kiraho, ndicho kilichokuwa mahakama ya watu wetu kabla hazijaja mahakama nyingine. Mganga hulisemea papai, hulikata vipande, na wanaoshukiwa hula mmoja mmoja. Asiye na kosa humeza. Mwenye kosa huvimba midomo na kushikwa kooni, na asipokiri akafunguliwa, hufa. Akimeza kwa bahati, dawa humngoja, na siku itakayoamka itaanza na watoto wake. Kukataa kula ni kukiri. Tuliyaamini hayo kama tunavyoamini kwamba moto unaunguza, na Hawe aliyaamini kuliko wengi.

Hapo ndipo Mzee Karisa aliposimama. Alikuwa jirani yetu na rika la babu, mgema aliyegema minazi ya Bwana Mdogo kwa kugawana naye, na mtu wa mzaha asiyeweza kuacha neno lipite.

"Bwana Mdogo," alisema, "umenena vizuri. Lakini kiraho kina utaratibu wake. Mwenye kushitaki ndiye huanza kula. Ama dawa yetu waitaka nusu?"

Watu walicheka. Bwana Mdogo naye alicheka.

"Nitakula."

"Na utaapa kwamba shamba ni lako."

"Nitaapa, mzee. Mbona hata leo?"

Jioni ile Mzee Karisa alikuja kwetu, akaketi kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi na kujipiga mapaja kwa furaha. Aliona amemtia mzungu mtegoni. Shamba limeporwa, kila mtu anajua, na papai halisomi karatasi.

"Mke wa rafiki yangu," alimwambia Hawe, "utaona midomo ya mzungu ikivimba mpaka afanane na sisi."

Hawe alikuwa akisugua sufuria. "Na asiposhikwa?"

"Hata wewe waniuliza hivyo? Asiposhikwa, shamba ni lake kweli, na mimi nitamwamkia kila asubuhi."

Alipoondoka, Hawe aliendelea kusugua sufuria ile ile. Shangazi anasema kabla ya siku ya kiapo alikuwa amekwisha kuzigawa leso zake: hii ya fulani, hii ya fulani. Shangazi alidhani ni uzee tu.

Mganga aliletwa kutoka upande wa Kaloleni kwa gari la Bwana Mdogo. Alikuwa mtu mwembamba aliyevaa koti, na papai lake lilikuwa limeanza kuiva upande mmoja. Alilisemea kwa muda mrefu, akalipiga kwa ubapa wa kisu, akalikata, akapaka kila kipande unga wa rangi ya majivu. Jua lilikuwa limepanda. Wakubwa kumi na wawili walichuchumaa mstari mmoja.

Bwana Mdogo alichuchumaa mbele yao kama wao. Akasema kwa sauti ya kusikika: "Kama shamba hili si langu, papai linishike." Akatia mdomoni, akatafuna, akameza. Akafungua kinywa akakizungusha upande hadi upande ili wote waone, kama mtoto anayemwonyesha daktari kwamba kidonge kimekwenda.

"Tamu," alisema. "Limekosa ndimu tu."

Mganga alimweka juani. Tukangoja. Bwana Mdogo aliwasha sigara. Hakuna kilichovimba. Sijasahau nyuso za wale wazee. Sidhani walimwogopa mzungu; walikuwa wamemwogopa maisha yao yote, na woga ule nilikuwa nimeuzoea. Hii ilikuwa sura nyingine, ya mtu aliyekwenda kumwita ndugu yake ili amsaidie na kumkuta amekaa mezani kwa adui anakula.

Hawe alikuwa wa tatu. Kabla hajapewa kipande, Bwana Mdogo aliinua mkono.

"Yaya asile," alisema. "Huyu amenibeba. Namjua."

Watu waligeuka kumtazama Hawe. Hadi leo sijui kama ule ulikuwa wema. Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake, na aliyeufungua alikuwa mtu yule yule aliyeng'olewa vyuma vyake. Lakini angeupita mbele ya majirani kumi na mmoja waliochuchumaa, wakila.

"Nitakula," Hawe alisema.

"Yaya, hakuna haja."

"Nimesema nitakula, mwanangu."

Aliapa kwamba hakung'oa. Akameza. Akafungua kinywa. Kilikuwa na meno manne, na nilikitazama sana kwa sababu nilikuwa nikiogopa bila kujua naogopa nini. Alikwenda akakaa juani, mikono juu ya magoti. Shangazi anasema Hawe alimwambia kwamba pale alikuwa anahesabu pumzi zake akingoja ipi haitarudi.

Mzee Karisa alikuwa wa mwisho, kwa kuwa yeye ndiye aliyesimamia mstari. Hakuwa amefanya mzaha tangu Bwana Mdogo aliposema habari ya ndimu. Aliapa kwa sauti ndogo, akatafuna. Akatafuna muda mrefu mno.

"Meza, mzee," mganga alisema.

Alitikisa kichwa. Kama midomo yake ilivimba, mimi sikuona. Nimeulizwa mara nyingi, na hili ndilo jibu langu. Nilichoona ni koo likipanda na kushuka bila kupeleka kitu, na mate yakitiririka kidevuni, na macho yakitoka. Akashika ardhi kwa mikono miwili.

"Sema nikufungue," mganga alisema. "Sema upesi."

"Sema, Karisa," watu wakaanza. "Utakufa, sema."

Mkewe alikuwa amepiga magoti kando yake. "Baba Kazungu, sema basi. Sema tu. Twende nyumbani."

Mzee Karisa hakuweza kusema. Alijipiga kifua kwa kiganja, mara mbili. Ni mimi. Ni mimi. Mganga akammiminia maji ya dawa kinywani, na mbele ya macho yetu koo likafunguka, papai likatoka, na pumzi ikaingia kwa sauti ya mtoto anayezaliwa. Akalia. Watu wakashusha pumzi pamoja naye. Sasa hapakuwa na wa kubisha: alikiri, na alipokiri alifunguliwa.

Hawe alikuwa akitazama chini.

"Pole, mzee," Bwana Mdogo alisema, akisimama na kujipangusa suruali. "Mimi sina neno nawe. Ni dawa yenu."

Hakutuma askari wala mfanyakazi wake yeyote. Nyumba ya Mzee Karisa ilibomolewa na majirani, mchana ule ule, kwa sababu aliyeshikwa na kiraho akilala karibu huwavutia wengine dawa hiyo. Wanaume walishusha makuti. Wanawake walitoa vyombo. Hawe alibeba mtungi wa maji wa mke wa Karisa akauweka kando ya njia, taratibu, usivunjike. Angekaa nyumbani, watu wangeuliza.

Sidi, mjukuu wa Mzee Karisa, alikuwa darasa moja nami. Tulikuwa tukigawana kalamu ya risasi, tukiikata katikati kwa wembe. Alisimama njiani ameshika kuku wawili kwa miguu. Nilimwendea na watoto wengine, na nikawa wa kwanza kusema.

"Babu yako mwizi wa vyuma. Mate yamemtoka kama mbuzi."

Wengine wakadakia, wakaigiza yale mate na yale macho. Nilikuwa hodari wa kuigiza, nikachekesha watu. Sidi hakulia. Alisema tu, "Wewe si ulikuwa unakuja kula kwetu." Kisha wakaondoka na mkokoteni wa kukodi. Hakuna aliyewasindikiza.

Baada ya hapo ndipo adhabu ya Hawe ilipoanza, ingawa sisi hatukujua ni adhabu. Hakushikwa siku ile, kwa hiyo dawa inamngoja. Mtoto yeyote wa nyumba yetu akipata homa, Hawe hakula mpaka homa ishuke. Ndugu yangu alipovunjika mkono, alimwomba msamaha, na sote tukacheka, maana hakuwa karibu naye alipoanguka. Hakuweza kwenda kwa mganga kuizima dawa, kwa kuwa kuizima kunataka kukiri mbele ya watu, na kukiri kulikuwa ni kututoa shambani sisi sote, watu tisa. Kwa hiyo akatuchagua sisi. Kila asubuhi alipotuona tumeamka wazima, nadhani, alijiona amechagua sawa. Na kila alipopita pale palipokuwa nyumba ya Karisa alijifunika uso kwa leso.

Bwana Mdogo aliuza shamba miaka mitano baadaye. Ahadi yake ya kwamba tutakaa kama tulivyokaa aliiuza pamoja nalo. Tingatinga lilikuja asubuhi na kumaliza nyumba zote kabla ya adhuhuri, na koma la babu likaenda na kifusi. Katika mashamba mengine ya jirani watu walisimama, walilala mbele ya mashine, walitafuta mawakili. Kwetu wazee hawakusimama. Nilipokwisha kuwa mkubwa nilimuuliza mmoja wao sababu, na alinijibu kama mtu anayemweleza mtoto jambo la wazi: "Tusimame tuseme nini? Alikula mbele yetu. Aliapa ni lake na akameza."

Hawe alifia katika chumba cha kupanga huko Mishomoroni. Siku chache kabla alimwambia shangazi yote, akamwagiza aende kwa Karisa akamwambie. Shangazi hakwenda. Alisema anaona haya, kisha akasema hana nauli, kisha akaniambia mimi.

Nami nilichelewa miaka mingine saba. Sikutumwa na mtu. Nilikuwa tayari ninafanya kazi ya ukarani, na nilijiambia kwamba mambo ya ukoo lazima yawekwe sawa. Nilimkuta Mzee Karisa Miritini, nyuma ya maegesho ya malori, ambapo Sidi alikuwa na kibanda cha chai na maandazi. Sidi alinitambua mara moja. Hakunikaribisha wala hakunifukuza.

Mzee alikuwa karibu kupofuka. Nilimwamkia, nikajitaja, nikasema nililokwenda kulisema.

"Hawe yako alikula," alisema. "Nilikuwapo."

"Alikula, babu, na ndiye aliyeng'oa. Alisema mwenyewe kabla ya kufa."

 Kisha akauliza kitu nisichokitegemea. "Vile vyuma alivitia wapi?"

"Chooni. Kile choo cha kando ya njia ya kisimani."

"Chooni," alisema. Akatikisa kichwa polepole. "Mimi nilivitafuta."

Sikuelewa. Sidi ndiye aliyenieleza, akiendelea kukanda unga wake. Tangu siku ile ya papai babu yake aliamini ni yeye. Koo lilishikwa, na kiraho hakikosei, kwa hiyo lazima aliving'oa akiwa usingizini au akiwa na tembo kichwani. Alimuuliza mkewe mara nyingi kama aliwahi kumwona akitoka. Mara mbili alirudi Utange kwa siri, kwa miguu, akachimba palipokuwa nyumba yake ajue alivificha wapi, arudishe, yaishe.

"Sasa umejua si wewe, babu," nilisema. Nilidhani nimempelekea nafuu.

 Alikuwa akifikiri, na nikaona wazo likimfikia usoni kabla halijafika mdomoni.

"Kama mimi nilishikwa bure," alisema, "basi na yeye alimeza bure."

"Nani, babu?"

"Bwana Mdogo. Kumeza kwake hakukuwa na maana yoyote. Lilikuwa papai tu." Aligonga ardhi kwa fimbo. "Na tulimwachia shamba. Tulimwachia kwa sababu alimeza. Na mimi ndiye niliyemwambia ale."

Sidi aliacha unga. "Umesikia?" aliniuliza. "Alikuwa mwizi wa vyuma sita. Sasa umemfanya aliyepoteza shamba la watu wote. Nenda zako."

Nikaenda. Nimelipima jambo hili kwa miaka mingi, na hesabu yangu haibadiliki. Bwana Mdogo hakutuibia imani yetu. Tulimpa wenyewe, tena kwa kujiona wajanja, kwa kuwa hatukuwa na kitu kingine cha kumshindania. Alijua papai haliwezi kumshika asiyeliogopa. Sisi tulikuwa tunaogopa, na katika sisi lilimshika aliyekuwa ameliamini zaidi siku ile. Hawe aliliogopa pia, lakini alikuwa na watu tisa wa kuwamezea, na huenda ndiyo sababu lilipita. Wala sisemi hivi ili nimsafishe. Alimwona mtu akijipiga kifua kwa kosa lake, akatazama chini.

Hawe amekufa, na mke wa Karisa alimtangulia. Mzee Karisa alikufa mwaka uliofuata ziara yangu. Nilisikia kwa watu, sikualikwa mazishini. Mganga sijui habari zake. Shangazi Mbeyu yu hai na hazungumzii jambo hili. Bwana Mdogo yu hai pia, mzee sasa, na wanaomwona wanasema bado anaamkia watu kwa Kigiriama safi. Sidi yu hai, Miritini pale pale. Nimepita mbele ya kibanda chake mara tatu, na mara zote tatu alinihudumia chai kama mteja yeyote, akapokea pesa, na akageuka.